Gari Lililoigiza Sauti Yake

Kwanza zimeni redio. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wenye magari hata kabla ya kuwasalimia vizuri, na wengine waliniona sina adabu. Ninyi wanangu mnaojifunza ufundi wa magari hapa Kasungami, pembezoni mwa mji, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi yangu. Nadhani alitegemea niwaeleze jinsi ya kubana boliti. Boliti mtafundishwa na yeyote. Mimi nilifanya ufundi zaidi ya miaka arobaini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza. Nitawaeleza pia jinsi kusikiliza kwangu kulivyomuua mtu, na jinsi kimya changu kilivyomharibia mwanawe maisha. Mtu huyo aliitwa Maître Kabamba, wakili. Mwanawe anaitwa Patrick, bado yuko hai. Nawaambia mapema ili mkiona nacheka humu katikati msidhani nimesahau.

Gari lenyewe sitalitaja kwa jina la kiwandani. Hapa mjini tuliliita Nyuki, kwa ajili ya sauti yake na ya nembo yake, kinyuki cha dhahabu. Injini ya silinda sita, haikunguruma, ilivuma. Gari lilikuwa la chini, milango miwili, na kiti cha nyuma kilitosha mkoba na koti. Likitoka Golf, mtaa wa matajiri, asubuhi kuja katikati ya mji, mtu aliyekaa mlangoni pa duka la mikate aliinua kichwa kabla hajaliona. Waliolimiliki walikuwa wakubwa wa migodi, madaktari, mawakili, na mfanyabiashara mmoja wa samaki wa chumvi aliyelinunua ili kumkomesha jirani yake. Jirani akanunua la kwake, tena jekundu.

Garaji yetu ilikuwa katikati ya mji, karibu na mabenki. Sakafu ilipakwa rangi ya kijivu na kudekiwa kila jioni, na sisi mafundi tulivalishwa salopeti nyeupe, yaani ovaroli. Fikirini, fundi wa magari na nguo nyeupe. Marehemu mke wangu aliilaani rangi ile kila Jumamosi penye beseni. Lakini tulijivuna. Tukienda kununua chakula cha mchana tulihakikisha hatujavua.

Aliyenifundisha ni Vieux, yaani Mzee, Tshibangu, mtoto wa Wakasai waliokuja kufanya kazi ya reli. Alikuwa mfupi, mkavu, shemasi kanisani kwao, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa meno yake. Chombo alichokithamini kuliko vyote hakikutoka kiwandani. Ulikuwa mpini wa ufagio, alioukata urefu wa mkono. Ncha moja aliigusisha kwenye injini inayozunguka, ncha nyingine aliiuma kwa meno. Sauti inapita kwenye mti, inaingia kwenye meno, inafika kichwani bila makelele ya nje. Jaribuni kabla hamjacheka. Siku moja mama mmoja wa Golf alimkuta ameuma mti wake, akamuuliza gari lake lina ladha gani. Vieux akautoa mdomoni, akajibu kwa upole wa shemasi: “Inakosa chumvi kidogo, mama.” Kisha akaurudisha.

Vieux alikuwa na sheria mbili alizozirudia mpaka tukazichukia. Ya kwanza: “Sikiliza motokari yenye iko baridi. Kama imeamuka zamani, inashajua kukudanganya.” Maana yake ni hii. Injini iliyolala usiku kucha, mafuta yake yameshuka chini. Ukiiwasha, kuna sekunde mbili tu ambazo mafuta hayajapanda, na ndani ya sekunde hizo kila kilicholegea kinajitaja. Cheni inayozungusha sehemu ya juu ya injini ikilegea, inatikisika kama maharagwe ndani ya kopo. Mafuta yakifika, inanyamaza, na hutaisikia tena mpaka kesho yake. Ndiyo sababu tulimwambia mteja alete gari jioni, alilaze kwetu.

Ya pili ilikuwa juu ya mahali pa kusimama. “Mu ndani ni kwa mwenye motokari. Fundi, kwake ni inje.” Boneti wazi, miguu chini, redio imezimwa, mdomo umefungwa.

Mimi nilizijua sheria zote mbili na bado nikafanya upumbavu. Katika mwaka wangu wa tatu ilikuja Nyuki moja inayogonga. Nikasikiliza, nikatangaza kwa sauti ya profesa kwamba ni valvu. Nikafungua sehemu ya juu ya injini, siku mbili nzima, nikasafisha, nikarudisha. Nikawasha, ikagonga vilevile. Vieux aliniacha nimalize yote hayo. Kisha akaja na spana mbili, akautoa mkanda unaozungusha dinamo, akawasha injini. Kimya. Kumbe ni beringi ya dinamo, kitu cha nusu saa. Akaniangalia, akasema tu, “Sikio halipiti kichwa.” Na kwa kuwa mnajua jinsi Mungu alivyonijalia masikio makubwa, garaji nzima ilicheka mwezi mzima. Tangu siku ile mkanda natoa kwanza. Hilo liandikeni kwenye daftari.

Maître Kabamba alianza kuja kwetu akiwa bado wakili kijana mwenye suti mbili. Nyuki yake ya kwanza ilikuwa ya kijani. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi alikuja kuilaza, iwe na ubovu isiwe na ubovu, na Jumamosi asubuhi tuliiwasha pamoja. Tulisimama mbele ya boneti dakika tano, yeye na mimi, hakuna anayesema neno. Kisha tulitazamana na kutikisa kichwa. Mke wake, Mama Godelive, aliita jambo hilo misa yetu. Nikimsindikiza Maître nyumbani kwake Golf kula bukari, ugali wetu, alitupokea mlangoni: “Munatoka ku misa yenu? Ule Mungu wa mafuta alisema nini leo?” Maître alijibu kwamba amesema tule. Nilimpenda mtu yule, na sioni haya kuliandika.

Baada ya Vieux Tshibangu kufariki watu wa mji walianza kusema juu ya sikio la Faustin. Faustin ni mimi. Wenye magari walikuja na mashaka, nikisema ni zima, walikwenda hata Kolwezi bila kuuliza swali la pili. Sifa ni kitu kitamu, wanangu, tena inashibisha haraka.

Sasa mnataka kujua Nyuki ilikufaje. Haikufa siku moja. Kwanza walikuja na ile ya milango minne, ya mazuti, yaani dizeli. Maître akainunua kwa sababu familia ilikuwa imekua. Ilikuwa nzuri sana kwa kubeba mashemeji. Ilikuwa na nguvu, haikuharibika mara kwa mara, lakini ukisimama mbele ya boneti ulisikia lori dogo lililosoma shule. Maître alisema, “Nyuki alikunywa mazuti, Faustin,” tukacheka, na misa yetu ikawa dakika mbili.

Kisha kiwanda kikauzwa kwa watu wanaotengeneza magari ya kawaida, hata haya madogo yanayofanya teksi hapa mjini. Nililigundua kwa mikono yangu. Niliagiza pampu ya maji, ikafika kwenye boksi zuri lenye kinyuki cha dhahabu. Lebo ilikuwa imeanza kubanduka pembeni. Nikaivuta kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya teksi. Nikamwonyesha meneja, akaniambia nirudishe lebo mahali pake kabla mteja hajaingia. Nikairudisha, na gundi juu.

Halafu wakala wa kiwanda, mwenye garaji yetu, akafunga akaondoka. Jengo letu likawa duka la pikipiki. Nikachukua salopeti zangu nyeupe, nikazikata matambara, nikahamia uani kwa shemeji yangu, mabati manne juu ya nguzo, bila ukuta wala mlango. Ndipo sheria ya kwanza ya Vieux ilipovunjika, na hakuna aliyesimama akasema naivunja. Gari haliwezi kulala mahali pasipo na ukuta. Kwa hiyo wateja walikuja asubuhi, injini imekwisha kupata moto njiani, nami nikazoea kusikiliza yaliyoamka zamani.

Wakati huohuo walitokea mafundi wa valise, kile kikompyuta kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma makosa ya gari. Niliwaita madaktari wa sanduku. Nilisema mbele ya wateja kwamba mtu akihitaji sanduku ili kujua gari linaumwa, akauze masanduku. Watu walicheka, nami nikarudia maneno hayo miaka na miaka. Najua ninyi mna valise darasani kwenu. Shikeni valise zenu. Nilikuwa nasema kwa wivu.

Gari la tatu la Maître lilikuwa jeep. Nyuki ya mwisho, ndefu, nzito, vioo vyeusi. Ukifungua boneti huoni injini, unaona kifuniko cha plastiki kilichoandikwa jina la gari, kama vile unaweza kulisahau. Alipoileta mara ya kwanza nilikuwa tayari kumpa pole. Akanifungulia mlango, akasema, “Ingia, usikie.” Nikaingia. Akakanyaga mafuta. Nikasikia silinda sita, ule mvumo wa gari la kijani, wenyewe kabisa. Nje nilikuwa nimesikia sauti ndogo ya kukwaruza, nikajiambia ni yale maplastiki yanaziba. Maître alikuwa na machozi. “Alirudi, Faustin,” akasema. Nami nikamwambia ndiyo, amerudi. Tangu hapo misa yetu tuliifanyia ndani ya gari, kwenye viti vya ngozi, na mimi sikukumbuka kabisa kwamba fundi kwake ni nje.

Sasa nafika. Ilikuwa msimu wa mvua, siku ya Jumatano alasiri. Mvua ilipiga mabati hata huwezi kusikia mtu akikuita. Maître aliingia uani na jeep, akateremsha kioo kidogo. “Kesho niko na kesi Likasi. Patrick njo ataendesha, macho yangu hainaona vizuri. Sikiliza tu, nipate kulala.” Patrick alikuwa na miaka thelathini na kitu, mhandisi, dereva mtulivu kuliko baba yake.

Magoti yaliniuma, nami sikutaka kulowa. Nikakimbia, nikaingia nikakaa karibu naye, nikafunga mlango. Nikamwambia azime redio, akazima. Nikamwambia akanyage, akakanyaga. Nyuki akavuma. Nikafumba macho kama mtu anayesikia kwaya. Nikamwambia, “Iko muzima. Muende na amani.” Boneti sikuifungua.

Kesho yake, kwenye barabara ya Likasi, Patrick alitoka kulipita lori lililobeba shaba na kupanda polepole. Alipofika katikati ya lori, injini ilizimika. Mbele lilikuwa linakuja lori jingine. Maître alifia palepale. Patrick alivunjika mtulinga na mbavu mbili.

Kwenye kilio, pale nyumbani Golf, watu walijaa mpaka barabarani. Patrick alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa kifuani, akirudia neno moja la injini kwa kila aliyemkaribia: “Motere ilikufa mu mikono yangu.” Ndugu mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia, alisimama mbele ya watu. Hakumtazama Patrick. Alinitafuta mimi.

“Faustin,” akasema, “ile motokari uliisikiliza?”

“Niliisikiliza.”

“Siku gani?”

“Jana yake.”

“Ilikuwa na shida?”

“Apana,” nikasema. “Ilikuwa muzima.”

“Basi,” akasema yule mzee, akakaa.

Sikusema uongo, wanangu. Siku ile niliamini kila neno nililolitoa. Lakini baada ya neno langu hakuna tena aliyeuliza kitu. Ilikuwa wazi kwamba kijana amelipita lori kwa papara, ameua baba yake, na sasa anaisingizia injini. Makaburini walipotupa udongo walimweka nyuma. Mama Godelive hakumtukana wala hakumfukuza. Aliacha tu kulitaja jina lake. Baada ya kilio Patrick akaenda kuishi Kolwezi, na mlango wa Golf hakuugusa tena.

Miezi miwili ikapita. Akaja mteja, Mama Astrid, anayeuza vitenge mjini, na jeep ya aina ileile. “Papa Faustin,” akaniambia, “motokari yangu ilipoteza sauti.”

Nikaingia nikakaa. Kweli, sauti imepotea. Nilichokisikia kilikuwa kitu kinachokwaruza na kutetemeka, silinda nne, kinu cha kusagia mahindi. Nikahangaika asubuhi nzima. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kukagua fyuzi moja moja. Moja ilikuwa imeungua. Nikatazama kwenye mchoro wa mfuniko: ilikuwa fyuzi ya bafle, spika za muziki. Nikasema hii haituhusu, lakini nikaiweka mpya, maana mama wa watu atataka nyimbo zake. Nikawasha injini. Nyuki akavuma.

Redio ilikuwa imezimwa. Nikaichomoa fyuzi, kinu kikarudi. Nikaichomeka, Nyuki. Nikaichomoa tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Mama Astrid alikuja akainama dirishani. “Papa, uko nafanya nini?” Nikamjibu kwamba nasikiliza. Sauti ile haikutoka kwenye injini. Ilitungwa huko Ulaya na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, ikawekwa ndani ya spika, na kila ukikanyaga mafuta inapanda nawe. Walishindwa kutengeneza injini inayoimba, wakatengeneza wimbo. Na mimi, sikio la mji mzima, niliusikiliza wimbo wa spika macho nimeyafumba, nikamwambia rafiki yangu aende na amani.

Sikungoja kesho. Mabaki ya jeep ya Maître yalikuwa bado yamelazwa kwenye uwanja wa polisi, majani yameanza kuota kati ya magurudumu. Nilimwomba mlinzi aniruhusu, nikafungua kifuniko cha mbele cha injini. Cheni ilikuwa imekatika. Vipande vinavyoishikilia, ambavyo kwenye gari la kijani vilikuwa vya chuma, hapa vilikuwa vya plastiki, vimevunjikavunjika kama biskuti. Cheni ya namna hiyo haikatiki bila taarifa. Inatikisika majuma kadhaa, kila asubuhi, sekunde mbili. Mtu mwenye valise angeisoma. Mtu mwenye mpini wa ufagio, akililaza gari na kusimama nje, angeisikia. Mimi nilikwepa mvua.

Basi hapo nilitakiwa kwenda Golf siku ileile. Nilirudi nyumbani. Kabla ya kuondoka pale polisi nilikifunga kile kifuniko kwa boliti zote, tena nikazibana vizuri, sijui kwa ajili ya nani. Nikanyamaza miaka minne. Mtataka sababu. Nilijiambia Maître hatafufuka. Nilijiambia Patrick ni kijana, ana kazi, Kolwezi ni kuzuri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli mzigo wa yule mtoto haukuniumiza bega hata kidogo. Lakini sababu yenyewe ni kwamba wateja walikuwa bado wanakuja kutafuta sikio la Faustin, na nilipenda wanavyoninyamazia ninapoinama. Nilipoacha kazi niliwaambia watu ni magoti. Ilikuwa ni hofu. Kila gari lililoondoka uani nilingoja habari zake mpaka jioni.

Nyuki yenyewe imekwisha. Nimesikia kiwanda sasa kinauza jina, na kile kinyuki cha dhahabu nimekiona sokoni kwenye mikoba ya akina mama. Sikuhuzunika. Huzuni yangu ilikuwa imeshapata kazi nyingine.

Juma lililopita Mama Godelive alikuja hapa Kasungami. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, akanikuta napalilia mahindi. Nikampa kiti. Alikuwa amekonda. Akaniambia yule mwanawe amepata mchumba Kolwezi, familia ya msichana inangoja wazee waende kujitambulisha na kupeleka mahari, na upande wa baba hakuna anayekubali kwenda. Ndugu mdogo wa marehemu amesema hawezi kusimama kumwombea mke mtu aliyemtia ndugu yake kaburini. Mkutano wa mwisho wa familia ni Jumapili hii. Wakikataa, kijana ataonekana mbele ya wakwe kama mtu asiye na kwao.

“Weye ulikuwa rafiki wa Maître,” akasema. “Ulikuwa unamujua kunipita miye. Niambie. Niende peke yangu, ao niache?”

Nilikuwa bado nimeshika jembe. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mvua, ya magoti, ya fyuzi, ya cheni, na ya miaka minne. Nililia, mzee mzima. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilitamani anipige. Akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza, akangoja. “Patrick,” akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja jina lile tangu kilio. “Papa Faustin iko na kintu ya kukuambia.” Akanipa simu.

Nikarudia yote. Yeye naye alisikiliza mpaka mwisho.

“Papa Faustin,” akasema, “miye niliisikia.”

Nikamuuliza alisikia nini.

“Ile asubui. Papa njo aliiwasha, miye niko inje nafungua portail motokari itoke. Ikafanya kelele, sekonde mbili, kiisha ikanyamaza. Nikamwambia: Papa, motokari iko na kelele. Akaniambia: Faustin alishaisikiliza. Panda.”

“Juu ya nini haukusema ku kilio?” nikamuuliza sababu.

“Kusema nini? Bangesema niko natupia marehemu makosa. Na weye ulikuwa ulishajibu.”

Akaomba nimrudishie mama yake simu, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo.

Walizungumza kwa muda, Mama Godelive amenipa mgongo. Alipomaliza aliiweka simu mkobani, akasimama, akajifunga kitenge chake vizuri. “Ile yote unaniambia,” akasema, “utaisema Jumapili mbele ya bandugu. Kwangu haitoshe.” Akaondoka, nami sikuthubutu kumsindikiza.

Leo ni Alhamisi. Jumapili nitasimama mbele ya watu walewale, na yule mzee ataniuliza tena, maana nitamwomba aniulize: ile motokari uliisikiliza? Mwalimu wenu alitaka kurasa hizi mwisho wa mwezi. Nimeziandika sasa, kwa ajili yenu na kwa ajili yangu, nione kama naweza kulijibu swali lile mpaka mwisho bila kuruka mahali.